Mdogo wangu anasubiri kupimwa akili, kesi imesimama. Tufanye nini?

Swali la msomaji: "Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Alianza kuugua akili akiwa sekondari, tukamtibu, akapata nafuu, baadaye akaacha dawa. Mwaka jana alichoma moto banda la jirani akidai limejengwa ili wamtege. Kesi iko mahakama ya wilaya. Hakimu aliagiza apelekwe Isanga, Dodoma, kupimwa akili, lakini kila kesi ikitajwa tunaambiwa bado hajapelekwa, usafiri hakuna. Yuko rumande muda wote huu. Je, kuna namna ya kuharakisha hicho kipimo? Na wakimkuta ni mgonjwa, ataachiwa?" — Dada mtu, Kanda ya Ziwa.

Dada yangu, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kuwaumiza mkilielewa vibaya. Kukutwa mgonjwa si kuachiwa. Kwa sheria yetu ya Tanzania, aliyekutwa na ugonjwa wa akili anaweza kuzuiliwa muda mrefu kuliko yule ambaye angekiri kosa, akafungwa na kumaliza kifungo chake. Kwa hiyo kuharakisha kipimo ni jambo jema, na njia zipo nitakazokueleza, lakini kwanza mjue ni kipimo gani mnachokiharakisha.

Katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kuna maswali mawili tofauti ambayo mahakamani huchanganywa kila siku. (Namba za vifungu nitakazotaja ni zile tulizozizoea katika Toleo la 2019, kwa hiyo ukishika toleo jipya zaidi, tafuta kwa maudhui.) Swali la kwanza liko kifungu cha 216: je, leo hii, mshtakiwa ana uwezo wa kujitetea? Anaelewa ameshtakiwa kwa nini, anamtambua hakimu na mwendesha mashtaka na kazi ya kila mmoja, anaweza kumweleza wakili wake kilichotokea, anaweza kumsikiliza shahidi na kusema "huyu anadanganya, mimi sikuwepo"? Swali la pili liko vifungu vya 219 na 220: je, siku ile ya tukio, akili yake ilikuwa katika hali gani? Alijua anachokifanya, na alijua ni kosa?

Mtu anaweza kuwa alikuwa mgonjwa kabisa siku ya tukio na leo, baada ya dawa, akawa mzima anayeweza kusimama kizimbani. Kinyume chake pia hutokea, mtu akaugua akiwa rumande. Ukienda mahakamani wiki hii, jambo la kwanza ni kuomba nakala ya ile amri ya hakimu na kusoma imetaja kifungu gani. Mara nyingi amri huandikwa kwa mstari mmoja tu, "apelekwe kupimwa akili", na daktari anabaki kubahatisha anaulizwa nini. Akijibu la siku ya tukio wakati mahakama ilitaka kujua la leo, taarifa inarudi, wakili analalamika, kesi inaahirishwa tena.

Sasa tuje kwenye muda. Kifungu cha 220 kinamtaka mganga mfawidhi wa hospitali ya akili aandike taarifa na kuipeleka mahakamani ndani ya siku 42. Watu wengi wakisikia hivyo hufarijika, kisha wanahesabu tangu tarehe ya amri na kukuta siku hizo zilishapita zamani. Soma vizuri: siku hizo 42 zinahesabiwa tangu mtu azuiliwe hospitalini. Muda aliokaa mahabusu akisubiri gari, askari wa kumsindikiza na kitanda, hauhesabiwi na mtu yeyote. Hapo ndipo kesi kama ya mdogo wako inapolala. Nimeshughulika na mashauri ya jinai kwa miaka mingi na naweza kusema bila wasiwasi: daktari kwa kawaida si ndiye anayechelewesha. Siku zinapotea kabla hajamwona mgonjwa, na zinapotea tena baada ya yeye kumaliza kazi yake.

Fikiria njia yenyewe. Mirembe, pale Dodoma, imekuwepo tangu 1927, na Isanga ndiyo taasisi yake inayopokea wagonjwa walioletwa na mahakama. Wanaletwa kutoka Kagera, Kigoma, Mtwara, Rukwa, kote Tanzania Bara. Kutoka Mwanza peke yake ni zaidi ya kilomita 600. Gereza linahitaji gari, mafuta, askari wa kutosha na posho zao za safari, na mara nyingi husubiri wapatikane mahabusu kadhaa wa kupelekwa pamoja. Baada ya kipimo, safari hiyo hiyo inahitajika kurudi. Nafasi nayo Isanga ni finyu, kwa sababu ndani yake wamo pia wale waliokwisha kuamuliwa kuwa wagonjwa na ambao hawajapata amri ya kutoka. Hivyo kila anayekawia kutoka anamzuia mwingine kuingia.

Je, ni lazima iwe Isanga? Kwa swali la kifungu cha 220 sheria inazungumzia kuzuiliwa katika hospitali ya akili, na ziko sababu za msingi. Kulaza mtu kwa wiki kadhaa kunawawezesha wauguzi kumwona anavyolala, anavyokula, anavyoongea na wenzake pale ambapo hajui anaangaliwa. Anayeigiza ugonjwa huchoka. Anayeficha ugonjwa, na wapo wengi wanaouficha kwa aibu, naye hujitokeza. Katika kosa zito kama mauaji sitaki mtu yeyote alipunguze hilo.

Swali la kifungu cha 216 ni jambo jingine. Hapo, kwa usomaji wangu, kazi ya kuchunguza imewekwa mikononi mwa mahakama yenyewe. Hakimu anapoona dalili kwamba mshtakiwa hana uwezo wa kujitetea, yeye ndiye anayetakiwa kuchunguza, na ushahidi wa daktari wa magonjwa ya akili kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda ni ushahidi halali wa kitabibu. Kwenu kuna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda pale Mwanza. Daktari anaweza kwenda gerezani na kumhoji mtu kwa saa moja au mbili, kusoma faili lake la matibabu, kuongea na familia, na kujibu maswali yale machache niliyoyataja: anaelewa shtaka, anawatambua wahusika, anaweza kumwelekeza wakili, anaweza kufuatilia kesi? Maswali hayo ni ya zamani. Mahakama za Uingereza zimekuwa zikiyatumia kwa namna hiyo hiyo tangu shauri la Pritchard la mwaka 1836, na hayahitaji wiki sita za kulazwa pale ambapo jibu liko wazi. Atakapoona haliko wazi, aseme hivyo, ndipo mtu apelekwe Dodoma.

Marekani walifika hapo kwa maumivu. Katika jimbo la Washington watu waliokuwa jela wakisubiri kupimwa uwezo wa kujitetea waliishtaki serikali ya jimbo, na mwaka 2015 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle akaamua kwamba kuwaacha wiki na wiki bila kipimo ni kuvunja Katiba. Shauri hilo linajulikana kwa jina la Trueblood. Siku hizi kipimo kinachofanyika ndani ya jela kinatakiwa kukamilika, kwa kawaida, ndani ya siku 14 tangu wahusika waipokee amri. Jimbo liliposhindwa kutimiza amri za mahakama lilipigwa faini juu ya faini, na mwaka 2023 jaji aliagiza lilipe zaidi ya dola milioni 100. Ninachotaka ukione hapo ni tarehe ambayo saa inaanza kuhesabu: inaanza na amri, si na kitanda. Kwetu badiliko hilo moja, hata likifanywa kwa hakimu kuandika tu katika amri yake kwamba "taarifa iwe mbele ya mahakama hii ifikapo tarehe fulani, au mkuu wa gereza aeleze kwa maandishi kwa nini haijawa", lingeokoa miezi.

Na hakimu anao uwezo wa kuandika hivyo leo. Hahitaji Bunge.

Sasa upande wenu, maana hapa ndipo familia ina nguvu kuliko inavyodhani. Daktari anayepokea mahabusu kutoka mbali mara nyingi anapokea mwili na karatasi moja. Hajui kwamba kijana alilazwa akiwa kidato cha tatu, hajui alipewa dawa gani, hajui ni lini aliziacha, hajui kwamba wiki mbili kabla ya moto alikuwa halali usiku na anaongea peke yake nyuma ya nyumba. Anaanza moja. Wewe unayajua yote hayo. Yaandike. Kadi zote za kliniki, hata zilizochanika, zitoe nakala. Andika mwaka alioanza kuugua, hospitali aliyotibiwa, jina la dawa kama lipo kwenye kadi au kifungashio, na kama hulijui eleza ilikuwa kidonge au sindano ya kila mwezi. Andika kama amewahi kuanguka kifafa, kama aliwahi kuumia kichwa, kama aliugua malaria kali akapoteza fahamu, kama anatumia bangi au gongo. Usifiche bangi kwa kudhani utamsaidia. Daktari atagundua, na akigundua kwamba mmeficha hilo, atapunguza imani na mengine mliyosema kweli. Kama mlimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, andika pia, kwa sababu tarehe hizo zinaonyesha ugonjwa ulianza kabla ya kosa. Tafuta majirani wawili waliomwona siku zile na namba zao za simu.

Karatasi hizo zipeleke kwa mwendesha mashtaka, kwa hakimu kupitia masjala, na kwa wakili wake kama yupo. Kama hana wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu mahakama kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada, na mtu ambaye akili yake ndiyo inayojadiliwa anastahili kuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Ombeni hilo mahakamani kwa sauti, siku ya kutajwa, liandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Jambo la dawa nalitilia mkazo kwa sababu nimeona linavyoharibu kila kitu. Mahabusu anapelekwa Dodoma, anatibiwa, anatulia, taarifa inaandikwa kwamba sasa anaweza kujitetea. Anarudishwa rumande mkoani. Zahanati ya gereza haina dawa ile, au inayo lakini hakuna aliyekabidhiwa maelezo. Kesi inatajwa mara tatu, shahidi hajafika. Siku shahidi anapofika, mshtakiwa anaongea na dari. Hakimu afanye nini? Anaagiza apimwe tena, na safari yote inaanza upya. Hapo serikali imelipia mafuta mara mbili na kijana amepoteza miaka. Kwa hiyo sasa hivi, kabla hata ya kipimo, nenda ukamwone mkuu wa gereza na mganga wa gereza, uwaeleze alikuwa anatumia dawa gani, uulize kama ipo, na kama haipo uombe ruhusa ya kuinunua na kuipeleka kwa utaratibu wao. Mtu mwenye historia inayojulikana hana sababu ya kukaa bila tiba eti kwa kuwa anasubiri kupimwa. Kumtibu hakuharibu ushahidi, kwa kuwa hali yake ya siku ya tukio itathibitishwa na kadi, mashahidi na mazungumzo ya daktari, na uwezo wake wa leo ndio tunaotaka urudi.

Lipo pia jambo ambalo kwa kosa la mdogo wako silioni likiombwa mara nyingi, nami nashangaa kwa nini. Kifungu cha 216 kinasema kwamba mshtakiwa akionekana hana uwezo wa kujitetea, na kosa lenyewe linadhaminika, mahakama inaweza kumwachia kwa dhamana, familia ikiweka uhakika wa kutosha kwamba atatunzwa, hatajidhuru wala kumdhuru mtu, na ataletwa mahakamani akihitajika. Kuchoma banda hakumo katika makosa ambayo kifungu cha 148 kinayafungia dhamana. Ina maana mnaweza kuomba atoke, alazwe Bugando au ahudhurie kliniki hapo, mkileta mahakamani barua ya daktari aliyekubali kumpokea, wadhamini wawili na maelezo ya nani atakaa naye nyumbani. Hapo lazima muwe wakweli: kama jirani bado ana hofu, na ana haki ya kuwa nayo, mtafutieni makazi kwa ndugu mwingine mbali na pale. Hakimu atakubali kwa urahisi zaidi akiona mmemfikiria pia yule aliyeunguziwa banda. Na mkiweza kuzungumza naye juu ya fidia, fanyeni hivyo mapema, kupitia wazee wenu au ofisi ya kata, bila kumshinikiza.

Sasa taarifa ikija, nini kinafuata? Ikisema leo hana uwezo wa kujitetea na dhamana haijatolewa, kesi inasimama, anawekwa mahali salama, na kumbukumbu za shauri hupelekwa kwa Waziri ambaye anaweza kuagiza azuiliwe hospitalini. Akipata nafuu, mganga anathibitisha, cheti kinakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, naye anaieleza mahakama kama Jamhuri inataka kuendelea na kesi au la. Kila kituo cha njia hiyo kina meza, na kila meza inaweza kulaza faili. Mfuatilie karani aliyepeleka, uchukue namba ya kumbukumbu na tarehe ya barua, maana bila namba hiyo hakuna ofisi itakayokusikiliza. Ninawashauri pia mawakili wenzangu wasingoje cheti: andikeni kwa Mkurugenzi wa Mashtaka mapema, mkieleza kosa ni dogo kiasi gani, mtu amekaa ndani muda gani, na tiba ipo wapi. Anayo mamlaka ya kuliondoa shauri, na kwa kosa la banda lililokwisha kufidiwa hiyo ndiyo njia ya haki kuliko zote.

Kuna wengine ambao hawatapata nafuu kamwe, mfano aliyezaliwa na ulemavu mkubwa wa akili. Kumrudisha hospitalini "mpaka apone" hakuna maana. Mahakama Kuu ya Marekani ililikabili suala hilo mwaka 1972 katika shauri la Jackson dhidi ya Indiana. Kijana kiziwi, asiyeongea, mwenye ulemavu wa akili, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa mara mbili wa mali na fedha zenye thamani ya dola 9 kwa jumla, na hali yake ilikuwa haielekei kubadilika, maana yake angezuiliwa maisha. Mahakama ikasema serikali haiwezi kumshikilia mtu zaidi ya muda wa kiasi unaohitajika kujua kama kuna matumaini ya kweli ya yeye kupata uwezo huo. Pasipokuwa na matumaini, serikali ifuate utaratibu wa kawaida wa kiraia wa kumlaza mgonjwa, au aachiwe. Sheria yetu haijaweka ukomo ulio wazi namna hiyo, na nadhani inapaswa kuuweka.

Na kama kesi itaendelea, kisha mkaleta utetezi kwamba siku ya tukio hakuwa na akili timamu, basi mahakama ikikubali itatoa uamuzi maalumu: alitenda, lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Kisha anaweza kuzuiliwa kama mgonjwa, bila tarehe ya kutoka. Kwa mshtakiwa wa mauaji utetezi huo ni uhai wake. Kwa banda, kaeni na wakili mpime kwanza. Mahakama pia haifungwi na maoni ya daktari, inaweza kuyakataa ikiwa na sababu nzuri, jambo ambalo Mahakama ya Rufani imelisema wazi. Kwa hiyo taarifa nzuri ya Isanga peke yake haitoshi bila wale majirani wawili niliowataja.

Nimalizie na mahakimu, kwa kuwa najua baadhi yao husoma hapa. Tafadhali msimpeleke kila mtu. Nchini Kenya imekuwa desturi mshtakiwa wa mauaji kupimwa akili kabla ya kujibu shtaka, hata asiye na dalili yoyote, na foleni inayotokea humkawiza yule anayeumwa kweli. Dakika kumi za kuongea na mshtakiwa kwa upole, kwa lugha anayoielewa, na swali moja kwa ndugu walioketi nyuma, zinatosha kuwatenganisha wengi. Na yale mashauri yaliyosimama kwa sababu ya vipimo, yapewe nafasi yake katika ajenda ya kamati ya kusukuma mashauri, ambako hakimu mfawidhi, mkuu wa gereza, polisi na ofisi ya mashtaka wanaketi meza moja. Mwalikeni na mganga mfawidhi wa hospitali ya mkoa. Gari linalokosekana kwa miezi hupatikana haraka mbele ya watu hao wote.

Dada, barua yako kwa hakimu iwe ya ukurasa mmoja: namba ya kesi, tarehe ya amri, kwamba hajapelekwa, kwamba mnaomba apimwe na daktari wa hospitali ya kanda akiwa hapo hapo kuhusu uwezo wake wa kujitetea, kwamba mnaomba apewe dawa sasa, na kwamba mko tayari kumdhamini. Ambatisha kadi. Ipeleke masjala, nakala yako igongwe muhuri na tarehe, nyingine mpelekee mwendesha mashtaka. Ukishaipata amri, nitumie kifungu kilichotajwa humo pamoja na tarehe inayofuata ya kutajwa, nikusomee rasimu ya barua kabla hujaipeleka.